Santuri za Morogoro: Mali Kuukuu, Soko Jipya

Soko la santuri limefufuka. Nchini Marekani, mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya sidii milioni 33, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuongoza kwa idadi. Sehemu ya biashara hiyo ni muziki wa zamani unaotolewa upya kwa hadhi ya juu: santuri nzito, jalada gumu na kijitabu cha picha na historia. Afrika Mashariki imo. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa "Kenya Special", mkusanyo wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980.

Kwa mfanyabiashara wa Mikese, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, mali ghafi ya soko hilo haiko mbali. Morogoro ndiko alikong'ara Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Osaka, Japani, na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na kufariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Miaka ya 1980, Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika santuri kubwa za "Ukumbusho".

Bei ya santuri kuukuu hutegemea mambo matatu: uchache wake, usafi wa mifereji na uzima wa jalada. Iliyokwaruzwa au kupinda kwa joto huanguka bei, hata kama mwimbaji ni maarufu. Iliyo safi ina kazi ya ziada. Pale mkanda wa awali wa studio unapokosekana, kampuni hunakili sauti kutoka kwenye santuri nzima.

Hata hivyo, faida kubwa haiko hapo. Anayeuza santuri huuza plastiki na hulipwa mara moja. Mwenye haki ya wimbo hustahili malipo kila toleo linapochapwa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda haki ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, tungo za Mbaraka zinafikia ukomo wake mwaka 2029. Haki ya rekodi yenyewe huhesabiwa peke yake, na mara nyingi hushikwa na kampuni iliyorekodi.

Kwa hiyo warithi wa wanamuziki wa zama zile wana muda mfupi wa kuweka sawa hati za mirathi, kutafuta mikataba ya zamani na kusajili kazi hizo COSOTA. Naye mnunuzi wa santuri asidhani amenunua ruhusa ya kunakili.

Ushauri kwa wenye santuri: zisimamishwe wima, mbali na jua, na zisiuzwe kwa mafungu kabla ya kukaguliwa moja moja.