Unafuga bata mzinga wa rangi? Usiamini manyoya pekee

Hebu fikiria umekaa siku 28 ukilinda mashine ya kutotoa mayai kama askari wa lango. Stima ikipotea unaifunika kwa blanketi, ikirudi unakimbilia kipimajoto. Wazazi wa mayai hayo, dume mmoja na majike wanne, wote ni wa rangi ya shaba, yaani manyoya meusi yanayong'aa kijani na shaba jua likiwapiga. Siku ya mwisho unafungua kifuniko na kuhesabu vifaranga 19. Kumi na wanne wana mistari ya kahawia mgongoni, vile ulivyotarajia. Watano ni wa manjano kabisa, kama wa broila.

Ungewaza nini? Mimi niliwaza kuna mtu amenibadilishia mayai. Shosho, mwenye boma hilo pale Limuru, alisema ni dume wa jirani ameruka ua. Sote tulikosea, na kosa langu karibu linifanye tapeli bila kujua.

Nikwambie ukweli mapema: mimi si daktari wa mifugo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi Githurai kuandika blogu na kutafuta hustle. Picha za bata mzinga wa rangi ndizo zilinivuta. Bana, wako wa kila aina! Kuna Narragansett wa shaba na fedha, Bourbon Red mwekundu mwenye mkia mweupe, Slate wa rangi ya majivu, na Royal Palm mweupe aliyepigwa mistari myeusi kama amechorwa kwa kalamu.

Hizi ni aina za jadi, na kule Marekani zina historia ndefu. Chama cha wafugaji wa ndege cha huko kilitambua rangi tano mwaka wa 1874: shaba, nyeusi, nyeupe, Slate na Narragansett. Bourbon Red alifuata 1909, Royal Palm 1971. Baadaye makampuni makubwa yakachagua ndege mmoja tu, mweupe mwenye kifua kipana. Kifua chenyewe ni kikubwa hivi kwamba dume hawezi kumpanda jike, lazima mbegu ipandikizwe kwa mkono. Aina za jadi zikabaki pembeni. Hesabu iliyofanywa Marekani mwaka wa 1997 ilipata takriban ndege 1,300 pekee wa kuzalisha, rangi zote zikijumlishwa. Zimeongezeka tangu hapo kwa sababu wafugaji wadogo waliamua kuzitunza.

Sasa turudi kwa wale watano wa manjano.

Kila bata mzinga hubeba nakala mbili za jeni inayoamua kama manyoya yatapata rangi au la. Moja ametoa kwa baba, nyingine kwa mama. Nakala ya rangi hushinda nakala ya weupe. Kwa hivyo ndege mwenye moja ya rangi na moja ya weupe utamwona wa shaba, hata ukimkagua kwa tochi. Weupe amebeba, ila hauonekani.

Chukua shilingi mbili uzirushe pamoja. Moja ni baba, moja ni mama. Upande mmoja ni rangi, upande wa pili ni weupe. Ukirusha mara nyingi, karibu robo ya mara hizo zote mbili zitaangukia weupe. Hapo ndipo kifaranga wa manjano hutoka, na akikua anakuwa mweupe. Watano kati ya 19 ni karibu robo kabisa. Hakuna aliyeiba yai. Na hata dume mweupe wa jirani angeruka ua, asingepata kifaranga mweupe kwa jike asiyebeba weupe.

Tatizo ni kwamba haya niliyajua nikiwa nimechelewa.

Vifaranga walipofika wiki sita nilipiga picha, nikaandika mtandaoni: "Bata mzinga wa shaba halisi." Wale weupe niliwasukuma nyuma ya banda wasionekane. Nilijiambia ni mambo ya kupanga picha tu, lakini mkono ulijua unachofanya. Mama mmoja wa Ruiru akanunua wanane. Aliniambia anataka kuanzisha kundi la kuzalisha, auze vifaranga wa rangi moja. Pesa ziliingia, nikalipa deni la chakula cha ndege, maisha yakaendelea.

Wiki mbili baadaye nilimpigia simu mzee aliyeniuzia wazazi. Nikamuuliza kuhusu weupe. Akacheka. "Mama yao alikuwa mweupe, baba ndiye alikuwa wa shaba. Hukuniuliza." Halafu akaongeza, kama mtu anayekupa salamu za nyumbani, kwamba wote watano walikuwa wa mama mmoja na baba mmoja.

Umeelewa? Mama mweupe lazima ampe kila mtoto nakala ya weupe, hana nyingine ya kutoa. Kwa hivyo dume wangu na majike wote wanne walibeba weupe. Tena walikuwa ndugu. Nilikuwa nimezalisha kaka na dada, na ukirudia hivyo vizazi kadhaa mayai huanza kukataa kutotoa na vifaranga hudhoofika.

Nikapiga hesabu ya mama wa Ruiru. Kati ya vifaranga wa shaba wanaotoka kwa wazazi kama wangu, wawili kwa kila watatu hubeba weupe. Kati ya wanane wake, labda watano. Mwaka ujao angefungua mashine yake, aone manjano, na awe ameshachukua oda za watu.

Nilikaa na simu siku mbili. Hakuna aliyelalamika na hakuna angejua. Yeye mwenyewe angedhani ni dume wa jirani.

Nilipompigia nilimweleza yote, hadi ile picha. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kijana wangu, mimi nilitaka mbegu. Ungeniambia, ningenunua kwa bei ya nyama." Akataka nimrudishie tofauti. Sikuwa nayo, nikalipa kwa M-Pesa mara tatu. Malipo ya mwisho alijibu kwa neno moja: "Imefika." Hajanunua kwangu tena, na simlaumu.

Kwa hivyo wewe unayetaka kuanza, chukua haya ambayo yamenigharimu.

Uliza rangi ya wazazi na ya babu na bibi wa ndege kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akisema hajui, nunua kama nyama. Na usitoe dume na majike kwa boma moja.

Tenga kila rangi na dume wake. Ukibadilisha dume, usikimbilie mayai. Jike wa bata mzinga anaweza kuhifadhi mbegu ya dume wa zamani mwilini na kutaga mayai yenye uhai kwa takriban wiki kumi. Mayai ya kipindi hicho kula au uza, usiyape jina la baba mpya.

Andika namba ya jike na tarehe kwenye yai kwa penseli. Weka mashine yenye feni kwenye nyuzi 37.5, geuza mayai mara kadhaa kwa siku, uache siku ya 25 na kuongeza unyevu. Wakitoka, wafunge kamba za plastiki za rangi miguuni, uzilegeze wanavyokua. Usiwachanganye na kuku, maana kuku hubeba minyoo inayoeneza ugonjwa wa kichwa cheusi, na bata mzinga hufa nao haraka.

Jua pia kwamba kila rangi ina tabia yake. Ukimpandisha dume Narragansett safi kwa jike safi wa shaba, mabinti watafuata baba yao, lakini wana watakuwa wa shaba huku wamebeba Narragansett kimyakimya. Slate naye mara nyingi hutoa weusi na wa majivu kwenye kiota kimoja. Mweupe ndiye fumbo kubwa zaidi. Weupe wake ni kama shuka juu ya kitanda, huwezi kujua godoro la chini ni la rangi gani.

Ila ni huyo huyo mweupe anayeweza kukuokoa. Ukitaka kujua kama ndege wako wa shaba amebeba weupe, mpandishe na mweupe. Akibeba, karibu nusu ya vifaranga watatoka manjano. Ukitotoa kumi bila wa manjano hata mmoja, uwezekano kwamba amebeba ni mdogo sana, chini ya mmoja kwa elfu.

Ndiyo maana sikuwachinja wale watano. Watatu niliwauza Krismasi kama nyama, kwa jina lao. Nimebaki na dume mmoja na jike mmoja. Nimenunua majike watatu wa shaba kutoka Nyeri na dume wa shaba kutoka Nakuru, damu tofauti kabisa, na kila mmoja atapimwa na mweupe kabla sijaandika neno "halisi" popote.

Hiyo ni karibu mwaka mzima bila kuuza kifaranga wa mbegu. Shosho anasema nimekuwa mwanafunzi tena, safari hii bila karo. Dume mweupe sasa anasimama mbele ya banda, mkia wazi, akijisifu. Ukija kununua, huyo ndiye wa kwanza kukuonyesha.