Je, Wajua? Chuma Kinaiva Bila Moto

Je, wajua kwamba Tabora iliwahi kufua sarafu za dhahabu? Ilikuwa 1916. Vita vimepamba moto, manowari za Waingereza zimeziba bahari, na serikali ya Wajerumani imeishiwa fedha za kulipia watu. Wakafua zao hukohuko bara: heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu zenye ndovu aliyesimama mbele ya mlima. Dhahabu yenyewe ilitoka machimbo ya Sekenke, katika Singida ya leo. Ukiikuta sarafu hiyo tafuta herufi T, ndiyo Tabora. Zilitoka kama 16,000 hivi. Septemba 19 mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia mjini.

Mwaka huo wa 1916, huko Princeton, Marekani, Edwin Northrup alikuwa akihangaika na tanuri lisilotumia kuni, mkaa wala mwali. Chungu kimezungukwa na koili ya shaba, umeme unapita kwenye koili, na madini yaliyomo chunguni yanayeyuka. Koili haiyagusi.

Inawezekanaje? Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika huzaa umeme katika metali iliyo jirani. Umeme huo huzunguka humohumo ndani ya metali, na ukinzani wake unaugeuza kuwa joto. Chuma kinajichoma chenyewe. Hiyo ndiyo indaksheni.

Je, wajua kwamba taa za redio ya babu zinaweza kuivisha nondo? Waliosikiliza matangazo ya Dar es Salaam yalipoanza 1951 wanazikumbuka: vichupa vya kioo nyuma ya redio, ukiwasha unangoja kwanza vipate moto, ndani kunawaka rangi ya chungwa, kisha sauti inakuja polepole. Hizo ni vali. Hewa imetolewa ndani ya kioo. Waya unapashwa hadi elektroni zinaruka na kukimbilia bamba lenye volti nyingi, na katikati pamewekwa wavu mdogo unaozipitisha au kuzizuia. Rudisha sehemu ndogo ya nguvu kwenye huo wavu, vali itaanza kutetema yenyewe, mara laki kadhaa kwa sekunde. Ukiifungia antena, una kituo cha redio. Ukiifungia koili na kutia nondo katikati, una tanuri.

Ndiyo maana mafundi wanaojitengenezea mitambo hii nyumbani, wengi wao Ulaya na Marekani, huwinda vali kubwa za mitambo ya redio iliyostaafu. Na ndiyo maana tanuri la namna hii, lisipozibwa vizuri, jirani atalisikia likinguruma kwenye redio yake.

Neno kwa wenye mikono myepesi. Wengi hupata volti za vali kutoka transfoma ya maikrowevu mbovu. Transfoma hiyo hutoa takriban volti 2,000 na inaua. Hata ukichomoa waya ukutani, kapasita hubaki na umeme wake ikikungoja. Pete kidoleni nayo ikikaribia koili inaweza kupata moto pamoja na nondo. Kwa maoni yangu huu si mtambo wa kujifunzia umeme. Ni wa mtu aliyekwisha kuujua na bado anauogopa.

Je, wajua kwamba umeme wa kasi hupita juujuu tu? Katika shaba, umeme wa kawaida wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, huzama kama milimita 9. Upandishe hadi mizunguko 100,000, hauzami zaidi ya milimita 0.2 hivi. Viwanda vinautumia mwanya huo: jino la gia linawekwa ndani ya koili sekunde chache, ngozi yake inakuwa nyekundu, linamwagiwa maji. Nje linakuwa gumu, ndani linabaki na unyumbufu wake, halivunjiki ovyo.

Chuma kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku haikishiki tena. Mhunzi asiye na kipimajoto anaweza kutumia kipande cha sumaku kujua chuma chake kinakaribia joto la kuzimishwa majini.

Na koili? Ni bomba la shaba lenye maji yanayopita ndani, kwa sababu umeme unaobebwa na koili ni mwingi kiasi kwamba yenyewe ingeungua. Shaba haikuwa ngeni Tabora. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, bidhaa kuu za misafara kutoka pwani zilikuwa tatu: nguo, shanga na masango, yaani waya wa shaba nyekundu na nyeupe. Wapagazi waliubeba umekunjwa mviringo, umening'inia kwenye mti begani. Bara ulisokotwa kuwa vitindi, koili nzima ya kuvaa mkononi, na ulikuwa fedha kamili: ukilipia chakula, ukilipia hongo, yaani ushuru wa njia. Shaba nyingine ilitoka upande wa pili, Katanga, na waliofungua biashara hiyo walikuwa Wasumbwa na Wanyamwezi. Mmoja wao, Msiri, alijijengea ufalme hukohuko Katanga hadi alipouawa Desemba 1891.

Chuma kilikuwa na wenyewe pia. Warongo wa kusini mwa Ziwa Viktoria walifua majembe yaliyouzwa Unyamwezi, yakatumika shambani na yakatolewa mahari. Ufipa walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha kama mita 3, marefu kuliko mtu. Hayakuvukutwa: matundu yaliachwa chini, hewa ikajivuta yenyewe kwenda juu kama kwenye dohani. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto kusafishwa. Mabaki ya malungu bado yapo Rukwa, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka.

Buhaya nako, mwaka 1976, wazee walijenga tanuri kwa kumbukumbu mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ilhali uyeyushaji ulikuwa umeachwa kwa miongo mingi. Watafiti wakaripoti joto la kuzidi nyuzi 1,800. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Wanazuoni wengine waliyapinga maelezo yao kuhusu siri ya joto hilo, lakini chuma kilipatikana.

Leo indaksheni iko jikoni. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na jiko la indaksheni ni njia mojawapo. Vali zimeondoka, kazi yao inafanywa na vipande vidogo vya silikoni. Tatizo ni masufuria yetu: karibu yote ni alumini, na jiko la kawaida la indaksheni haliitambui. Kabla hujalipa dukani, chukua sumaku ya spika iliyokufa, igusishe kwenye kitako cha sufuria. Ikishika, nunua.