Magitaa manne, mikono miwili

Kama wewe ni mpiga gitaa, au unaishi nyumba moja na mpiga gitaa, fanya jambo dogo kabla hujaendelea kusoma. Simama, uyahesabu magitaa yaliyomo humo ndani. Usilisahau lile lililo juu ya kabati, wala lile lenye nyuzi tatu linalokaa nyuma ya mlango. Ukisha kuhesabu, jiulize: katika hayo, ni mangapi yaliyopigwa wiki hii?

Ukiona haya kujibu, usijali. Mimi niliwahi kuona haya kuliko wewe.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa EPZ Athi River. Tulikuwa watu wanne nyumbani: mimi, mke wangu na watoto wawili, katika vyumba viwili vya kupanga. Magitaa nayo yalikuwa manne. Ukikaa kitako ukapiga hesabu, utaona kwamba kila mtu wa nyumba ile alikuwa na gitaa lake, ila mpigaji alikuwa mmoja tu.

La kwanza lilikuwa gitaa kavu, lile la mbao lenye tundu tumboni. Nililinunua kwa jirani aliyekuwa akihama. La pili lilikuwa la umeme. Nililipata mwezi ambao oda zilikuwa nyingi na ovataimu haikwisha. Lakini pesa za amplifaya sikuwa nazo, kwa hiyo nililipiga hivyo hivyo miezi saba, likilia kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua. La tatu lilikuwa besi. Mpiga besi wa kanisani kwetu alikuwa amehamia Mombasa, nikaona nijitolee. Baada ya miezi miwili mwenyewe akarudi, na besi yake mkononi. La nne lilikuwa na nyuzi kumi na mbili, na kwa hilo sina la kujitetea. Nililiona kwa mtu, nikalitaka.

Januari moja binti yetu wa kwanza akaitwa kidato cha kwanza. Mwezi huo huo oda zikapungua, laini yetu ikaambiwa ikae nyumbani mpaka itakapoitwa. Wanaofanya kazi hapa wanaijua hali hiyo. Tangu sheria ya AGOA ya mwaka 2000 ilipofungua soko la Marekani bila ushuru, viwanda vingi vya hapa vimeshona nguo za kwenda huko. Oda zikija, watu wanalala kazini. Zikikatika, watu wanalala nyumbani.

Mke wangu hakunigombeza. Aliichukua barua ya shule, ile yenye orodha ya karo, sanduku, godoro na sare, akaichomeka katikati ya nyuzi za lile gitaa la nyuzi kumi na mbili. Kisha akabeba mtungi akaenda zake kuteka maji. Nilibaki nikiitazama barua ile, nami kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo nakuuliza wewe leo: mpiga gitaa anahitaji magitaa mangapi hasa?

JAMBO LA KWANZA NI KAZI

Jibu nililikuta kiwandani, mahali nilipokuwa nimelipita kila siku bila kuliona.

Katika laini ya kushona suruali kuna mashine ya kushona moja kwa moja, kuna ovaloki ya kuzuia kingo zisifumuke, na kuna ile ya kutoboa matundu ya vifungo. Hakuna msimamizi atakayekuambia utoboe tundu la kifungo kwa ovaloki. Lakini pia hakuna tajiri atakayenunua ovaloki ya kumi ikiwa tisa alizo nazo zimekaa bure. Kila mashine iko pale kwa sababu ina kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya, na ina mtu wa kuikalia.

Magitaa ni hivyo hivyo. Gitaa la umeme haliwezi kukaa mahali pa gitaa kavu pale stima inapopotea na kwaya inasubiri. Gitaa kavu haliwezi kufanya kazi ya besi. Gitaa la nyuzi za nailoni lina sauti ya upole ambayo la nyuzi za chuma halina. Hizo ni kazi tofauti. Lakini magitaa mawili makavu yenye mlio mmoja, moja likiwa jekundu na jingine jeusi, hiyo ni kazi moja na rangi mbili.

WALIOTOSHEKA NA MOJA

Labda utaniambia kwamba wapigaji wakubwa wana mengi. Wengine wanayo, ni kweli. Lakini hebu tazama walivyoanza.

Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na mtafiti Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi unaitwa Likasi. Alikuwa na gitaa kavu moja na vidole vyake. Anayeusikiliza wimbo wake Masanga mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Baadaye Bosco alifika Nairobi, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza kucharaza kwa kumsikiliza. George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, aliukuza mtindo wa omutibo kwa gitaa kavu huku mwenzake akigonga chupa ya soda. Na Franco Luambo, aliyekuja kuitikisa Afrika nzima na bendi ya OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956, alianza utotoni kwa gitaa la kujitengenezea mwenyewe.

Mbali na kwetu pia wako. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliimba katika bendi ya Queen pamoja na mpiga gitaa Brian May. Gitaa la May alilitengeneza yeye na baba yake kuanzia mwaka 1963, na shingo yake ilichongwa kutoka kwa mbao za meko ya zamani. Ndilo alilolipigia duniani kote. Willie Nelson wa Marekani naye amelipiga gitaa moja tangu mwaka 1969, mpaka ubao wake ukatoboka kwa kucharazwa.

Hapa Ukambani tunaikumbuka Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987. Katika benga utasikia magitaa matatu: la solo linaloongoza, la pili linalojibu, na besi inayoshikilia chini. Lakini zingatia jambo hili, ndugu yangu. Magitaa hayo matatu yalikuwa na watu watatu. Bendi ndiyo iliyohitaji magitaa matatu. Mpigaji alihitaji moja. Makosa yangu yalikuwa kwamba nilitaka kuwa bendi nzima peke yangu, ndani ya vyumba viwili.

GITAA LISILOPIGWA NALO HULA

Jambo lingine ambalo wengi hatulifikirii ni kwamba gitaa halikai bure. Nyuzi za chuma katika gitaa kavu huivuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 au zaidi, usiku na mchana, lipigwe lisipigwe. Za nyuzi kumi na mbili huvuta zaidi ya kilo 100. Za nailoni huvuta karibu kilo 40 tu. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za chuma katika gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, ubao huinuka na daraja hung'oka. Wengi wameharibu magitaa ya watoto wao kwa njia hiyo, halafu wakamlaumu aliyewauzia.

Ongeza hali ya hewa ya hapa petu. Nyanda za Athi ni kavu, na mbao ikikauka mno hupasuka. Vumbi nalo unalijua: la barabara, la malori na la viwanda vya saruji. Linaingia kwenye vifundo vya kukazia nyuzi, linaingia kwenye swichi za gitaa la umeme mpaka likianza kulia linakwaruza. Nyuzi zinapata kutu hata kama hakuna aliyezigusa. Kwa hiyo mwenye magitaa manne ana seti nne za kubadilisha, mikoba minne ya kununua, na pembe nne za nyumba zisizo na nafasi. Ukiweza kulitunza moja vizuri, lina faida kuliko manne yanayokufa polepole.

MASWALI MATANO

Kabla hujalipia gitaa jingine, jiulize haya, na ujibu mbele ya mtu anayekujua.

Kwanza: litafanya kazi gani ambayo nililo nalo haliwezi? Ikiwa shida yako ni kubadilisha ufunguo wa wimbo ili ulingane na sauti ya mwimbaji, kapo ya bei ndogo itakutosha. Wazee walikuwa wakifunga kipande cha penseli kwa kamba kwenye shingo ya gitaa, na nyimbo zikaenda.

Pili: nililo nalo nimelitengeneza? Mara nyingi gitaa tunalolichoka linahitaji tu nyuzi mpya na fundi wa kulinyoosha shingo.

Tatu: nitalipiga saa ngapi kwa wiki? Chukua bei yake uigawanye kwa saa utakazolipiga kwa mwaka mmoja. Ukiona kila saa inakugharimu kama mlo wa familia, rudisha pesa mfukoni.

Nne: linakuja peke yake? Gitaa la umeme linakuja na amplifaya, waya na nafasi ya kuviweka, bila kumsahau jirani wa ukutani. Yule anayelibeba kwenye matatu ajiandae pia kuulizwa nauli ya mtu wa pili.

Tano: pesa hizi zilikuwa na mwenyewe mwingine? Kama zina jina la karo au kodi ya nyumba, si zako.

Kuna wanaostahili la pili bila maswali mengi. Anayepiga kwa malipo harusini anahitaji la akiba, kwa maana uzi ukikatika katikati ya wimbo bi harusi hatasubiri. Mzazi mwenye mtoto anayejifunza pia ana haki ya kununua gitaa dogo linaloenea mikono ya mtoto.

NILIVYOAMUA

Nirudi kwenye ile barua. Besi niliiuza kwanza, kisha la nyuzi kumi na mbili, kisha la umeme. Hapo nikajifunza kwamba bei ya kuuza ukiwa na shida haifanani na bei ya kununua ukiwa na pupa. Hata hivyo sanduku likapatikana, godoro likapatikana, na karo ya muhula wa kwanza ikabaki kidogo tu.

Hicho kidogo nilitaka kukiziba kwa kuliuza hata lile la kwanza. Nilikuwa nimeshalitia kwenye mkoba. Mke wangu akaniwekea mkono begani.

"Hilo liache, baba watoto," akasema. "Nyumba ikinyamaza kabisa, tutabaki kusikiliza njaa tu."

Kilichopungua alikikopa katika chama chake. Laini yetu iliitwa tena baada ya miezi mitatu, na binti akamaliza shule.

Sitakudanganya kwamba sikujuta hata kidogo. Besi na lile la nyuzi kumi na mbili sijayakumbuka tangu siku hiyo. Lakini lile la umeme nililikumbuka, kwa sababu mwaka uliofuata vijana wa mtaani waliniita tupige pamoja kwenye sherehe, nami nikawa mtu wa kuazima. Baadaye nililinunua jingine, safari hii na amplifaya yake ndogo. Kwa hiyo jibu langu mimi ni mawili. Lako huenda ni moja, huenda ni matatu.

Eric Clapton wa Uingereza alikuwa na magitaa mengi kuliko tunavyoweza kuota. Mwaka 1999 aliuza 100 kwa mnada mjini New York, ili kukisaidia kituo alichokianzisha kisiwani Antigua cha kuwatibu waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Na lile gitaa lake maarufu, Blackie, lililouzwa mwaka 2004 kwa dola 959,500, alikuwa ameliunda kwa kuchukua sehemu bora za magitaa matatu. Yaani hata yeye mwenye uwezo alichukua matatu akayafanya moja.

Nawe mama mwenye nyumba, au baba ikiwa mpigaji ni mama, nina ombi moja. Yakizidi, sema. Yakiuzwa, saidia kuhesabu. Lakini lile moja linalopigwa jioni, watoto wakiwa wamekaa chini wakiitikia, usilitie katika hesabu ya vitu vya kuuza.

Sasa rudi ukahesabu tena.