Kozi ya chuo ukiwa bado shule ya upili

Mimi niliacha chuo juu karo ilinilemea. Ndiyo maana nikisikia AP ya sayansi ya mazingira huko Marekani, roho huniuma kidogo. Mwanafunzi wa shule ya upili anasoma kozi ya kiwango cha chuo: udongo, maji, taka, nishati, tabianchi. Mwezi Mei anafanya mtihani: maswali 80 ya kuchagua jibu na 3 ya kujieleza. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hukuhesabia somo hilo ukipata 3, vingine hutaka 4 au 5. Hapo umeokoa karo ya somo zima! Una binamu huko? Mwambie aulize mapema chuo anachokitaka kinakubali alama gani. Asije akakesha bure.