Kofia ya chuma kwenye gego la mtoto

Gego la mtoto wa miaka minne linapooza, wazazi wengi hupiga hesabu moja: si jino la utotoni hilo, litang'oka lenyewe, la nini kuligharamia? Hesabu hiyo ina kasoro. Yanayong'oka mapema ni meno ya mbele, kuanzia miaka sita hivi. Magego hubaki mpaka mtoto afike miaka tisa, kumi, hata 12. Jino lililotoboka leo lina miaka mingine sita ya kutafuna, na muda wote huo ndilo linaloshikilia nafasi ya jino la ukubwani linalokua chini yake. Likitolewa mapema, gego la kwanza la ukubwani, linaloota nyuma kabisa katika umri wa miaka sita, husogea mbele na kuikalia nafasi ile. Mwenye nafasi akija hukuta pamebanwa, akaota upande.

Ndipo daktari anapotaja kofia.

Mzazi huuliza kwa nini jino lisizibwe tu. Tatizo ni kwamba tabaka gumu la nje la magego ya utotoni ni jembamba, na uozo hupenda kuanzia pale magego mawili yanapogusana. Hula ubavu wa jino kimyakimya na kukifikia kiini upesi. Dawa ya kuziba ikiwekwa kwenye ubavu uliomeguka hukosa cha kushikilia, hasa jino lilipooza pande mbili au zaidi, au lilipokwisha kutibiwa kiini. Kofia hulivaa jino lote mpaka ukingo wa ufizi. Mwaka 2015, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yalionyesha kuwa magego ya utotoni yaliyovishwa kofia yana uwezekano mdogo wa kuuma au kuharibika vibaya baadaye kuliko yaliyozibwa tu.

Ubishi huwa kwenye rangi. Kofia ya chuma kisichoshika kutu, ambayo William Humphrey wa Marekani aliitambulisha kwa matibabu ya watoto mwaka 1950, hung'aa kama fedha. Mzazi humfikiria mwanawe akicheka mbele ya wenzake, na hofu hiyo ni halali. Siku hizi kuna kofia nyeupe za zirkonia, zinazofanana mno na jino lenyewe na zisizobadilika rangi. Kwa picha tu, nani angechagua chuma?

Tofauti huonekana mtoto akishakaa kitini. Ukingo wa kofia ya chuma ni mwembamba. Daktari huukunja kwa koleo dogo mpaka ulibane jino. Zirkonia haikunjiki. Kwa hiyo jino ndilo linalochongwa lilingane na kofia, pande zote, tena kuzidi linavyochongwa kwa ajili ya chuma. Hapo kuna sindano ya ganzi, muda mrefu wa kukaa kinywa wazi, na ufizi ambao haupaswi kutoka damu, kwani damu hudhoofisha mshiko wa simenti. Mtoto wa miaka mitatu anayelia na kurusha miguu hawezi kuyavumilia hayo, na pengine italazimu atibiwe akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Bei nayo hupanda. Zipo pia kofia za chuma zilizobandikwa uso mweupe, ila uso huo huweza kumeguka na chuma kikaonekana.

Chuma kina jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajawahi kulisikia. Kaskazini mwa Uskoti, daktari wa meno Norna Hall alikuwa akiwavisha watoto kofia bila sindano, bila kuchonga, bila hata kuutoa uozo. Wenzake walishangaa, kwa sababu shuleni wote walifundishwa kukwangua uozo mpaka uishe. Lakini bakteria waliofungiwa chini ya simenti hukosa chakula, na uozo husimama. Mtafiti Nicola Innes na wenzake waliupima utaratibu huo kwa watoto 132 wa Uskoti: kila mtoto alivishwa kofia ya Hall kwenye gego moja, na jingine likatibiwa kwa njia ambayo daktari wake aliizoea. Baada ya miaka mitano, madhara makubwa kama jipu au maumivu ya kiini yalikuwa yametokea kwa asilimia 3 ya magego ya kofia, na asilimia 16.5 ya yale mengine.

Kazi yenyewe huenda hivi. Siku chache kabla, daktari hupachika vipira vidogo kati ya magego ili kupata upenyo. Siku ya kofia vipira hutolewa. Mtoto hukaa wima, si kulazwa, na kipande cha shashi huwekwa mdomoni ili kofia isiteleze kooni. Daktari hujaribu saizi moja baada ya nyingine mpaka apate ndogo kuliko zote inayolienea jino. Huijaza simenti, huikandamiza kwa kidole, kisha mtoto hung'ata kwa nguvu zake mwenyewe mpaka ishuke. Ufizi hugeuka mweupe kidogo kwa kubanwa, na kwa majuma machache meno ya upande wa pili huwa hayakutani sawasawa. Mdomo hujirekebisha wenyewe.

Njia hii haifai kila jino. Gego linalomwamsha mtoto usiku kwa maumivu, au lenye kijipu kwenye ufizi, limekwisha kuvuka mpaka. Hilo hutibiwa kiini au hung'olewa. Mtoto mwenye mzio wa nikeli asivishwe kofia ya chuma, kwa kuwa nikeli imo ndani yake.

Meno ya mbele yana hesabu yake. Hayo huonekana mtoto akitabasamu, hayabebi mzigo wa kutafuna kama magego, na mara nyingi huozeshwa na chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto. Hapo zirkonia ina nafasi nzuri, ikiwa mtoto anaweza kutulia na mzazi anaimudu. Kwa gego, mzazi aulize kwanza jino limebakiza miaka mingapi na uozo umefika wapi, ndipo aulize rangi.

Baada ya kofia, mswaki upite kwenye ukingo wa ufizi asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kwa mkubwa zaidi. Kofia ikichomoka, ihifadhiwe na mtoto arudishwe kwa daktari upesi. Isibandikwe kwa gundi ya nyumbani. Ikimezwa, kwa kawaida hutoka na choo, lakini daktari aarifiwe. Mtoto akikohoa ghafla au kupumua kwa shida baada ya kofia kupotea mdomoni, apelekwe hospitali papo hapo.