Sanamu za Wazazi Wawili

Wasomaji wetu waliofika Dar es Salaam bila shaka wameiona ile sanamu ya askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, bunduki mikononi na singe mbele, kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Ni kazi njema, wala hatuna neno juu yake. Lakini mzazi aliyefiwa na mwanawe vitani akiitazama aona ushujaa. Kilio chake mwenyewe hakioni. Leo twapenda kueleza habari za sanamu mbili za vita hivyo hivyo, zilizoko nchi ya Ubelgiji, zisizo na bunduki wala kofia ya kiaskari, pamoja na habari za mama aliyezifanya. Tangu alipokusudia kazi hiyo hata ikaisha ilipita miaka 18, na sisi twaona kuwa ndiyo iliyomwezesha kuendelea kuishi.

Mama huyo ni Bibi Käthe Kollwitz, Mjerumani, aliyezaliwa tarehe 8 Julai 1867 katika mji wa Königsberg, ambao sasa umo katika nchi ya Urusi nao huitwa Kaliningrad. Baba yake alisomea sheria, kisha akaiacha akawa mwashi. Alipoona kuwa binti yake ana kipawa cha kuchora alimtafutia walimu, jambo ambalo wazazi wengi wa zamani zile hawakulifanya kwa mtoto wa kike. Mwaka 1891 akaolewa na mganga, Bwana Karl Kollwitz, wakakaa Berlin katika mtaa wa watu wa kazi za mikono. Mume aliwatibu mafukara. Mke aliwatazama akina mama walioleta watoto wao wagonjwa, akawachora. Picha zake alizichora juu ya mabamba ya shaba na kuzipiga chapa, zikampa sifa kubwa. Sanaa ya kufinyanga na kuchonga alijifunza baadaye, alipokwenda Paris mwaka 1904.

Walipata wana wawili, Hans mwaka 1892 na Peter mwaka 1896. Liko jambo moja ambalo kila tukilikumbuka latushtua. Mwaka 1903 Bibi Kollwitz alitaka kuchora mama aliyepakata mtoto aliyekufa. Akajitazama kiooni, na aliyempakata kuwa mfano wa maiti alikuwa Peter, mtoto wa miaka saba. Mama alipoguna kwa uchovu, mtoto akamtuliza, akamwambia kuwa picha itakuwa nzuri sana.

Vita vilipoanza mwaka 1914 Peter alikuwa na miaka 18, akataka kwenda kwa hiari yake. Kwa kuwa hajatimia umri wa mtu mzima, sharti apate idhini ya baba, na baba akakataa. Peter akamgeukia mama yake. Mama akamwombea kwa baba, na baba akakubali. Usiku wa tarehe 22 Oktoba kuamkia 23 akauawa karibu na Diksmuide, Ubelgiji. Habari ikafika Berlin tarehe 30. Akazikwa huko huko.

Basi msomaji na afikiri mzigo wa mama huyu. Kufiwa ni kufiwa, na kwetu tuna desturi zake: jamaa hukusanyika, watu hulala matanga, na siku zikitimia tanga huanuliwa, mfiwa akashika tena jembe lake. Lakini huyu aliona kuwa neno la kinywa chake ndilo lililomfungulia mwanawe mlango. Tanga la namna hii huanuliwaje?

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule akaazimia kufanya sanamu ya ukumbusho. Kwanza alikusudia Peter alale amenyoshwa, baba penye kichwa na mama penye miguu. Yafaa tueleze kazi hiyo, maana wengi hudhani mchongaji huanza na jiwe. Sivyo. Huanza na udongo wa mfinyanzi, akaubandika juu ya kiunzi cha chuma au cha mti, akautengeneza kwa vidole. Na jioni huufunika kwa vitambaa vya maji usikauke. Akiona shavu si sawa huliondoa na kuanza tena. Hivyo mama huyu siku baada ya siku alikuwa akiutengeneza mwili wa mwanawe kwa mikono yake, naye aliandika katika daftari yake ya kila siku kwamba akiwa kazini humwona Peter yu karibu naye. Huzuni iliyokaa kifuani bila umbo humla mtu. Ikipata umbo, twadhani, mtu aweza kuizunguka na kuitazama.

Lakini kazi haikwenda mbele. Mwanzoni alijaribu kuamini kuwa vijana wale wamejitoa kwa jambo kubwa. Miaka ya vita ilipozidi, imani hiyo ikamwishia, hata mwezi wa Oktoba 1918, mtu mmoja mwenye sifa alipowaita watu wajitoe tena kwenda vitani, Bibi Kollwitz alimjibu waziwazi katika gazeti kwamba waliokufa wanatosha. Sasa ile sanamu ya kijana shujaa angeimalizaje? Mwaka 1919 akaiweka kando. Wako watakaosema alichoka. Sisi twasema mikono ilikataa kufanya neno ambalo moyo haulikubali tena. Mwaka huo huo akachaguliwa kuingia katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo, na katika miaka iliyofuata akachonga katika mbao picha saba za vita na kuzipiga chapa.

Alipoirudia kazi ile alikuwa na mawazo mengine. Mwaka 1926 alikwenda na mumewe makaburini Roggevelde, akaona misalaba midogo ya mti, safu kwa safu. Akamwondoa Peter katika sanamu. Wakabaki baba na mama tu, wamepiga magoti mbele ya makaburi yote, wala si mbele ya moja. (Hapa twawakumbuka wapagazi wetu wa vita vile, ambao jina la Kariakoo latokana na kikosi chao. Walikufa maelfu kwa maelfu, na walio wengi kaburi lao halijulikani. Wazazi wao hawakuwa na mahali pa kupiga magoti.)

Udongo ulipokwisha kutengenezwa, sanamu zilitolewa kwa jasi, zikaonyeshwa Berlin mwaka 1931, kisha waashi wakazichonga katika jiwe la itale. Mwezi wa Julai 1932 zikasimamishwa makaburini. Kila mmoja yu juu ya jiwe lake, na kati yao pana nafasi. Baba ana sura ya Bwana Karl. Mgongo umenyoka, amejikumbatia kwa nguvu kama mtu azuiaye kitu kisitoke kifuani. Mama ana sura ya Bibi Kollwitz mwenyewe. Ameinama, amejikunyata katika nguo yake. Sisi katika magoti yale twaona watu waombao radhi kwa watoto wao. Siku hizo Bibi Kollwitz alisimama mbele ya mama wa jiwe, akauona uso wake mwenyewe, akalia, akampapasa mashavu, na mumewe amesimama nyuma yake.

Je, alipona? Maumivu hayakuondoka. Tarehe 22 Oktoba 1937, siku aliyokufa Peter, aliandika katika daftari yake kuwa yumo katika kazi ya sanamu ndogo ya mama mzee mwenye mwanawe aliyekufa katikati ya magoti yake. Tena mambo mengine yalimpata. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimtoa katika Akademia. Mwaka 1940 mumewe akafa. Mwaka 1942 mjukuu wake, aliyeitwa Peter kwa jina la yule marehemu, akauawa vitani Urusi. Mwaka 1943 nyumba yao ya Berlin ikaangushwa kwa mabomu. Lakini mtu aliyeweza kutengeneza sanamu ile ya mwaka 1937 alikuwa ameufahamu msiba wake, aweza kuushika kwa mikono. Akafa Moritzburg tarehe 22 Aprili 1945, vita vya pili vikiwa karibu kwisha katika Ulaya.

Katika miaka ya 1950 na kitu makaburi ya Roggevelde yalihamishiwa Vladslo, na sanamu zikahamishwa pamoja nayo. Wamelala pale askari zaidi ya 25,000, majina yao yameandikwa juu ya mawe bapa yaliyolazwa chini. Jina la Peter Kollwitz li juu ya jiwe moja pamoja na ya wenzake, mbele ya baba.