Fahamu: Je, kiini cha yai kinaleta saratani ya mji wa mimba?

Kiini kimoja cha yai kina takriban miligramu 200 za kolesteroli. Ndiyo maana wanawake wengi huuliza kama mayai na maini, ambayo nayo yana kolesteroli nyingi, yanaweza kuwaletea saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba. (Hii si saratani ya shingo ya kizazi, ambayo chanzo chake kikuu ni virusi vya HPV.)

Baadhi ya tafiti zilizowauliza wagonjwa walikuwa wakila nini zamani ziliona uhusiano. Lakini nani anakumbuka sawasawa mlo wa miaka kumi iliyopita? Zilizowafuatilia wanawake kabla hawajaugua hazikuuthibitisha. Yai, basi, halijakutwa na hatia.

Kinachojulikana wazi ni hatari ya unene uliokithiri. Hata hedhi ikishakoma, mafuta ya mwilini huendelea kutengeneza homoni ya estrojeni. Bila projesteroni ya kuidhibiti, utando ule huzidi kunenepa, na seli zake zinaweza kugeuka saratani.

Mama, dada, shangazi: ukiona damu baada ya kukoma hedhi, hata tone moja kwenye kanga, usingoje, maana inaweza kuwa dalili ya saratani hii. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.